Juma moja, desturi moja: namna ya kujipima katika masomo



Safari hii napenda kuwaeleza juu ya jambo ambalo wengi wananiuliza ninapopita katika etidi: namna gani mtu anaweza kusoma vizuri zaidi kwa saa zile zile alizo nazo. Sisemi kuongeza saa. Siku ya mtoto wa tajiri iko na saa 24, na siku ya mtoto wa muuza makala iko na saa 24. Swali ni hili: kiisha saa hizo kupita, ni kitu gani kimebaki kichwani?

Mnajua desturi yetu. Mwanzo wa mwaka, katika enternati, kila mtu anachora oreri yake na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Oreri nzuri kabisa, ya rangi mbili: kuamka saa kumi ya usiku, hesabu, Kifaransa, fizikia, mazoezi ya mwili, kurudilia masomo, kulala. Mambo kumi mapya kwa siku moja! Juma la kwanza mwenyewe anajikaza. Juma la pili anaruka moja, kesho yake anaruka mawili. Juma la tatu oreri imekuwa pambo la sanduku tu, na mtu anaanza kusema: "Mimi sina akili ya masomo."

Siamini kwamba hana akili. Amegeuza vitu kumi mara moja, basi mambo yakiharibika hawezi kujua ni kitu gani kimemshinda, na mambo yakitengenea hawezi kujua ni kitu gani kimemsaidia. Mwalimu wa kemia akitaka kujua kama maji haya ni asidi ao ni besi, hatii dawa tano ndani ya chupa moja. Anatia moja, anatazama, anaandika. Sisi nasi tufanye hivyo juu ya nafsi zetu: jambo moja dogo, kwa juma moja, pamoja na kipimo. Hilo ndilo ninaloita jaribio. (Nasema jaribio, sisemi jaribu. Lile lingine Mchungaji atawaeleza siku ya yenga.)

Juu ya nini nasema kwa nguvu hivi? Sisi wafinalisti tunajua hatari iko wapi. EXETAT iko tangu mwaka 1967, na sehemu yake kubwa ya kuandika inachukua siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Mambo ya miaka mingi yanaingia katika siku nne. Maswali ni ya kuchagua jibu moja kati ya mengi, na yale majibu yasiyo ya kweli yanafanana na lile la kweli kama mapacha. Hapo ndipo anapotea yule ambaye ameyaona mambo tu ndani ya kaye, kwa maana majibu yote anayaona kama anayajua. Na nyuma ya kila mmoja wetu kuna mama aliyeuza sombe na mihogo, kuna baba aliyeuza mbuzi, kuna yaya aliyekaa nyumbani ili minervali ya mdogo wake ipatikane. Nanyi wadogo wa kalasi ya 7 na ya 8, msiseme haya ni ya wakubwa. Desturi ambayo mtu anaingia nayo chini ndiyo anayopanda nayo mpaka juu.

Sasa tutazame mtu mmoja aliyejifanyia majaribio kwa uvumilivu ambao unashangaza. Jina lake Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1850. Alitaka kujua namna mtu anavyosahau. Hakukusanya wanafunzi, alijitumia mwenyewe kama mwanafunzi. Alitengeneza silabi karibu 2.300 zisizo na maana, kila moja ya konsonanti, vokali na konsonanti, ili maana ya neno isimsaidie. Alizipanga kwa mistari, akazisoma kwa mwendo wa mlio wa saa mpaka akazishika. Kiisha alingoja: mara nyingine dakika 20, mara nyingine siku moja, mara nyingine mwezi. Halafu alizishika tena, akahesabu ameponyesha wakati kiasi gani kuliko mara ya kwanza. Fikirini mtu anakaa na silabi za bure kwa miezi na miezi! Kitabu chake kilitoka mwaka 1885.

Aliona nini? Kiisha saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea. Kiisha siku moja ilibaki theluthi moja hivi. Maana yake ni kwamba, kama mara ya kwanza alitumia dakika 10, kesho yake alihitaji karibu dakika 7 kwa kurudisha yale yale. Lakini kiisha mwezi mzima ilibaki bado sehemu moja kwa tano hivi. Kusahau kunakimbia mbio siku ya kwanza, halafu kunatembea polepole. Kwa hiyo somo la asubuhi linaomba msaada jioni ile ile ao kesho, haliwezi kungoja juma la mtihani.

Aliona tena jambo lingine ambalo ndugu zetu wa blokusi wangeliandika juu ya kitanda. Kurudia mara 38, kukigawanywa katika siku tatu, kulimpa faida sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Fanyeni hesabu wenyewe: mara 30 za bure, na macho mekundu juu yake. Ni kweli kwamba yeye alitumia silabi zisizo na maana, na somo lenye maana linakaa zaidi. Lakini njia ni ile ile.

Mtu atasema: "Mimi ninajijua, nikisoma kaye mara nne ninasikia imeingia." Ndiyo, unasikia. Hapa kuna jaribio lingine, la mwaka 2006, la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke katika Washington University ya Saint Louis, Marekani. Waliwapa wanafunzi masomo mafupi, moja lilikuwa juu ya jua, lingine juu ya mnyama wa baharini. Kundi moja lilisoma somo lile mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja tu, kiisha mara tatu walifunika karatasi na kuandika yote waliyokumbuka. Kiisha dakika tano waliulizwa, na wale waliosoma mara nne walishinda, 83 kwa mia dhidi ya 71. Kumbe! Lakini waliorudi kiisha juma moja walionyesha kitu kingine: wale wa kusoma tu walibaki na 40 kwa mia, na wale wa kufunika na kuandika walibaki na 61. Na jambo linalonifurahisha (ao kunihuzunisha, sijui) ni kwamba wale waliosoma mara nne ndio waliokuwa na tumaini kubwa zaidi ya kukumbuka.

Ndiyo maana nasema kipimo ni lazima. Moyo wako unakuambia "imeingia" wakati ule ule inapotoka. Hata mimi nikipita katika etidi siwezi kujua kwa kutazama tu. Huyu ameinama juu ya kaye saa mbili, yule anatazama dari na kuandika kidogo, na pengine ni yule wa dari ndiye anayesoma.

Katika kalasi yetu tulikuwa watu sita tuliokubali kujaribu jambo hili kwa somo la biolojia. Juma la kwanza hatukugeuza kitu, tulipima tu. Siku ya posho kila mmoja aliulizwa na mwenzake maswali kumi ya juma lile, pasipo kujua yatatoka ukurasa gani. Hilo watu wengi wanalisahau: usipopima kabla, hutakuwa na kitu cha kulinganisha. Juma la pili tuligeuza jambo moja. Kengele ya etidi ikilia, kabla ya kufungua kaye, kila mmoja anachukua nusu ya karatasi na kuandika kwa dakika kumi yote anayokumbuka katika somo la siku ile. Halafu anafungua kaye na kusahihisha. Basi. Masomo mengine tuliyasoma kama zamani.

Siku ya posho ya pili, wanne walipanda, mimi mmoja wao, kutoka 5 mpaka 7. Mmoja alibaki pale pale. Mmoja alishuka, lakini huyo alikuwa na malaria tangu siku ya tatu, tuliandika "malaria" kando ya alama yake ili tusidanganyike. Watu sita hawatoshi kwa kuthibitisha kitu, na pengine somo la juma la pili lilikuwa jepesi kuliko la kwanza. Kwa hiyo tuliendelea majuma mawili mengine, na wanne wale hawakushuka tena chini ya alama yao ya kwanza. Kwangu mimi hiyo inatosha kwa kuendelea. Sisemi inatosha kwa wote.

Mwenzetu mwingine alijaribu kuamka saa tisa ya usiku, kwa sababu alisikia kwamba mkubwa mmoja aliyepata alama kubwa mwaka uliopita alikuwa akiamka saa ile. Alama zake za siku ya posho zilishuka, na mwalimu wa jiografia alimkuta analala juu ya ramani ya Afrika. Kiisha juma moja aliacha. Watu walimcheka, na mimi nasema walimcheka bure. Juma moja limemwonyesha kwamba njia ile haiko yake, kuliko kuteseka mwaka mzima kwa kuiga mtu mwingine. Jaribio linalojibu "hapana" limejibu.

Sasa, udogo wa jambo. Wengi wanaharibu hapa. Wanaona haya kuanza na dakika kumi, wanataka saa tatu. Huko London, watu 96 walifuatwa na Phillippa Lally na wenzake, na matokeo yaliandikwa katika mwaka 2010. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo, kama kunywa maji ao kula tunda ao kukimbia kidogo, akalifunga kwa kitu ambacho tayari kiko kila siku, kwa mfano kiisha chakula cha asubuhi. Walitazamwa kwa majuma 12. Ili jambo lile lianze kujifanya lenyewe, pasipo kujisukuma, ilihitaji katikati yake siku 66. Wa haraka sana alihitaji siku 18, na wa polepole sana alihesabiwa siku 254. Mnaona tofauti? Basi usimcheke mwenzako ambaye mwezi wa kwanza umempita bado anajisukuma. Waliona tena kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Yule anayesema "jana nilikosa, basi yote yamekufa" anajidanganya.

Hapa nitenganishe mambo mawili ili tusichanganye. Juma moja haliwezi kukupa desturi. Juma moja linakuambia tu kama jambo lile linastahili kuwa desturi yako. Likistahili, unaendelea nalo mwezi wa pili na wa tatu, na jaribio lingine unalianza juu ya jambo lingine. Lisipostahili, unalitupa pasipo huzuni.

Na kufunga jambo kwa kitu kilichoko, hiyo sisi hatukosi. Tuko na kengele, sala ya jioni, kuosha sahani, kufagia kalasi. "Nitasoma Kifaransa kila siku" haina pahali pa kusimama. "Nikiweka sahani yangu, ninaandika maneno matano ya Kifaransa" iko na pahali.

Juu ya kuandika, kuna mfano wa zamani. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa mchapaji wa magazeti kule Philadelphia kabla ya kuwa mkubwa wa siasa, aliandika katika maisha yake kwamba alichagua tabia njema 13 na kutengeneza kijitabu. Kila tabia iko na ukurasa, kila ukurasa iko na safu saba za siku saba. Akikosa, anatia nukta nyeusi. Hakushika zote 13 kwa nguvu moja. Kila juma alichunga moja kwa namna ya pekee, na nyingine aliziacha ziende kama kawaida. Kwa majuma 13 alimaliza mzunguko, na kwa mwaka aliweza kuzunguka mara nne. Alifuta nukta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka, basi akahamisha hesabu yake kwenye vibao vya pembe ya ndovu ambavyo aliweza kufuta kwa sponji yenye maji. Alisema alishangaa kujikuta na makosa mengi kuliko alivyofikiri. Ile ya utaratibu, maana yake kuweka kila kitu pahali pake, ilimsumbua kuliko nyingi. Wenye masanduku yaliyochafuka katika dortuari wanaweza kufarijika.

Mpaka hapa nimesema kama mtu wa enternati. Lakini zaidi ya nusu ya kalasi yetu wanalala kwao, na dada mmoja aliniambia kwa hasira kidogo: "Ninyi kengele yenu inawaita kusoma. Mimi kengele yangu ni mama, na ananiita kwenye bido." Alisema kweli. Kiisha masomo anachota maji mara mbili, anatwanga sombe, anapika bugali, anaogesha wadogo, na wakati anapotaka kufungua kaye, umeme umekatika ao petroli ya taa imeisha. Kumwambia mtu huyo "amka mapema" ni kumtukana.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata jaribio lake. Kabla ya kutoka kalasini, wakati wengine wanakimbilia mlango, anaandika maswali matano ya siku ile juu ya kikaratasi. Maswali tu, hakuna majibu. Njiani kwenda kisimani anajijibu kichwani, moja moja. Akirudi nyumbani anafungua kaye kwa yale tu yaliyomshinda, na mara nyingi ni mawili ao matatu, kazi ya dakika chache wakati maji ya bugali yanachemka. Kesho yake asubuhi, njiani kuja shuleni, anapita tena katika maswali yale pamoja na ya juzi. Hahitaji taa. Analifanya tangu majuma matatu, na alama zake za interogasio ya historia mwalimu amezisoma mbele ya kalasi. Mkiniuliza, kati ya majaribio yote niliyoyaona mwaka huu, hilo ndilo bora, na halikutoka kwa mkubwa wa wanafunzi.

Na ndugu wanaume wenye dada nyumbani, kuna jaribio lenu pia: juma moja, bido moja kati ya mbili unaibeba wewe. Kipimo ni alama zake.

Juu ya telefoni sitasema mengi, Bwana Direkteri wa disiplini amesema ya kutosha. Nitasema tu kwamba wengi wanaoiweka kando ya kaye "kwa kutafuta maneno" hawajapima. Pimeni. Siku tatu telefoni iko mezani, siku tatu iko kwa mama katika chumba kingine, muda ule ule, idadi ile ile ya mazoezi ya hesabu. Hesabuni yaliyotengenea. Kiisha njooni tubishane.

Nanyi walimu wetu, kwa heshima yote: dakika tano za kwanza za somo zingeweza kuwa za maswali mawili ao matatu ya juma lililopita, pasipo alama, karatasi imefunikwa. Tunajua programu ni ndefu na mwezi wa sita uko karibu. Lakini mtu akiulizwa pasipo kuogopa alama, anaonyesha asichokijua, na mwalimu naye anaona ni wapi pa kurudi. Mwalimu mmoja amekwisha kuanza nasi, na tunamshukuru.

Kwa wanaotaka kuanza siku ya kwanza ijayo: nusu ya karatasi inatosha. Andika juu kabisa jambo utakalogeuza, moja tu. Chini yake andika litafungwa kwa nini, na litapimwa namna gani siku ya posho. Halafu siku saba, na nafasi ndogo kando ya kila siku kwa kuandika ugonjwa, matanga, mvua kubwa, ao mgeni aliyelala katika chumba chako. Mwisho wa juma andika neno moja: naendelea, ao naacha.

Karatasi zitapokelewa siku ya posho kiisha kazi ya mikono, kwenye baraza ya kalasi ya wafinalisti. Sitaandika jina la mtu katika gazeti. Wadogo wa kalasi ya 7 wameuliza kama biki nyekundu ni lazima kwa kusahihisha. Hapana, kreyo inatosha.

Mkubwa wa wanafunzi, kalasi ya wafinalisti